Ukikuta Mende Kwenye Laptopu, Tazama Juu

Mafundi wa kompyuta walio nje ya geti la chuo wana swali moja wanalouliza kabla ya kushika bisibisi: "Mdogo wangu, unakaa wapi?" Ukitaja hosteli, wanaguna. Ukitaja chumba cha juu kabisa, chini ya bati, huko Msewe au Changanyikeni, wanacheka kidogo, halafu wanatandika gazeti mezani ndipo wafungue skrubu ya kwanza. Gazeti lile si la vumbi. Ni la kuwaona vizuri watakaokimbia.

Wanaokimbia ni mende wadogo wa kahawia, mara nyingine sisimizi. Mara mojamoja hakimbii mtu, anakutwa mjusi kafiri amekufa na kukaukia juu ya bodi. Mwenye laptopu husimama pembeni na aibu zake kama aliyefumaniwa. Anaanza kujitetea bila kuulizwa: "Kaka, mbona mimi nadeki kila siku." Fundi hamjibu, kwa sababu huenda anasema kweli.

Makala haya ni ya kumtetea huyo mwenye aibu. Ninachosema ni kwamba wadudu kwenye vifaa vyetu si ushahidi wa uchafu wa mwanafunzi, ni ushahidi wa hali ya nyumba. Wanatoka darini, kwenye nyufa za kuta na kwenye mabomba yanayovuja. Tutaendelea kupoteza kompyuta mpaka tuache kupuliza dawa kwenye kibodi na tuanze kudai nyumba zizibwe. Jambo hili lina upande wa mwanafunzi mmoja mmoja, na lina upande wa serikali yetu ya wanafunzi. Nitagusa pande zote mbili.

Wanafuata nini humo ndani

Mende anayeingia kwenye kompyuta kwa kawaida si yule mkubwa mwekundu wa chooni, anayeruka usiku na kuwapandisha watu wazima kitandani. Yule anapenda mashimo ya maji taka. Huyu wetu ni mdogo, urefu wake ni sentimita moja na nusu hivi, rangi yake kahawia hafifu, na nyuma ya kichwa ana mistari miwili myeusi. Wataalamu humwita mende wa Kijerumani, ingawa asili yake ni Asia. Porini hayupo. Anaishi palipo na nyumba za watu tu.

Anahitaji joto, giza, mahali pa kubana na maji. Kompyuta inampa vitatu vya mwanzo bure. Mende hujisikia salama pale tumbo na mgongo wake vinapogusa kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ufa wa milimita 5 kwake ni chumba kizuri, na watoto wake wanaingia kwenye nyufa nyembamba zaidi ya huo. Sasa angalia matundu ya feni chini ya laptopu yako. Huo ni mlango ulioachwa wazi, na ndani kuna joto hata umeme ukikatika.

Kitu cha nne, maji, ndicho ambacho watu wengi hawakifikirii. Mende wa aina hii anavumilia njaa kwa wiki kadhaa, lakini bila maji hafikishi wiki nyingi, ni kama mbili hivi. Maana yake makombo ya chapati yanamfurahisha, lakini kinachomweka hai ni bati linalovuja, bomba linalotoa jasho, na ndoo ya maji isiyofunikwa. Mwanafunzi anayefagia mara tatu kwa siku chini ya dari lenye unyevu bado anaishi na mende.

Hesabu yao nayo haitupi nafasi. Jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na hukaa nacho mpaka yakaribie kuanguliwa. Kwenye joto la huku kwetu, ndani ya miezi miwili hadi mitatu watoto hao nao wanaanza kuzaa. Semesta moja inatosha kabisa kwa vizazi viwili.

Na wanaua kompyuta vipi? Hawatafuni bodi. Kinyesi chao, maganda wanayovua na miili ya waliokufa hushikana na unyevu wa hewa ya Dar, kisha huunganisha njia za umeme ambazo hazikutakiwa kugusana. Nukta nyeusi kama kahawa iliyosagwa unazoziona pembeni mwa kibodi ni kinyesi. Halafu vumbi na maganda huziba feni, mashine inachemka, inaanza kujizima yenyewe, nawe unalaumu programu. Siku ikikataa kuwaka kabisa, mara nyingi ugonjwa ulishakaa miezi.

Sisimizi wana namna yao. Wanaingia kwenye soketi, swichi na chaja, na mmoja akipigwa na umeme anaweza kutoa harufu ya hatari inayowaita wenzake. Wanakuja kupigana na adui wasiyemwona, wanapigwa nao, mpaka maiti zao zinaziba mguso wa swichi. Huko Texas, Marekani, kuna aina ya sisimizi iliyogunduliwa mwaka 2002 na mtu wa kazi ya kuua wadudu aitwaye Tom Rasberry. Sisimizi hao wamejulikana kwa kuharibu mitambo ya umeme majumbani na viwandani. Hawakuulizana kwanza nani kadeki na nani hajadeki.

Mchwa nao hupanda ukutani kwa vijia vyao vya udongo na kula mbao za dari, kisha hushukia maboksi na vitabu. Ukiwa na kompyuta ya mezani iliyowekwa sakafuni ikigusa ukuta, umewawekea kituo njiani. Kuna pia nyigu wajenzi wa udongo, ambao tundu lolote jembamba kwao ni kiwanja. Kompyuta ikikaa likizo nzima chini ya paa lenye mianya, usishangae kukuta tundu la flashi limesakafiwa.

Dari ndilo mwenye nyumba halisi

Nyumba ninayopanga ina vyumba 8. Juu yetu kuna dari la mbao laini, na juu ya dari kuna bati. Katikati ya hapo ndipo alipowekwa ruta wa intaneti ya nyumba nzima, pamoja na mashine ya kurekodia kamera za ulinzi. Mama mwenye nyumba aliona hapo ni salama, wezi hawafiki. Hilo ni kweli. Lakini ruta hazimwi, usiku na mchana ana joto, yuko gizani, na juu yake bati lina tundu la msumari linalodondosha maji kila masika. Ukitaka kufuga mende kwa makusudi, huwezi kubuni banda bora kuliko hilo.

Intaneti ilikatika wiki ya kuwasilisha kazi. Fundi alipanda na tochi, akashuka na boksi lile akiwa amelishika kwa ncha za vidole. Aliligonga chini mara moja tu, na wote tuliokuwa koridoni tukarudi nyuma. Mama akasema tuchange, kila chumba kitoe sehemu yake, kwa kuwa "nyinyi wanafunzi mnakula vyumbani". Tulichanga, maana kazi zilikuwa zinasubiri. Ruta mpya akarudishwa palepale darini. Tundu la msumari lipo mpaka leo.

Sisemi hivi kwa kumchukia mama. Kodi yake ni nafuu, na siku boom likichelewa huwa anatuvumilia. Ila tukio hilo linaonyesha namna tunavyogawana mambo: nyumba inazalisha wadudu, mpangaji analipa. Na kwa kuwa mpangaji anaona aibu, halipi tu, analipa kimyakimya.

Kopo la dawa si jibu

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu tunafanya ni kwenda dukani kununua kopo la kupuliza. Tafadhali, usipulize kompyuta. Gesi inayosukuma dawa kwenye makopo mengi inashika moto, na dawa yenyewe inaacha utando wa mafuta ambao unakamata vumbi na unyevu. Unamuua mende mmoja, unaiachia bodi ugonjwa mwingine.

Hata ukipuliza chumba tu bila kugusa mashine, kuna tatizo. Dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pareto, lile ua jeupe linalolimwa kwenye nyanda za juu kama Iringa na Mbeya, na kwa majirani zetu Kenya. Sumu ya ua lenyewe huvunjika haraka juani, ndiyo maana viwanda vikatengeneza za kuiga zinazodumu. Lakini mende wadogo wamezizoea dawa hizo sehemu nyingi duniani. Zaidi ya hapo, zinawafukuza kabla ya kuwaua. Ukipuliza chumba namba 5, unawahamishia namba 4 na 6, nao wakipuliza kesho wanakurudishia. Tunarushiana mende kama mpira, na anayeshinda ni muuza dawa.

Vidonge vya nondo, yaani naftalini, navyo si vya kulala navyo kwenye chumba kidogo kisicho na hewa. Mvuke wake ni sumu, na ni hatari zaidi kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni kabisa ukanda huu wa malaria. Zile dawa zinazouzwa kwenye chupa za maji bila lebo, sizungumzii sana. Kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakijui jina, usikilaze karibu na mto wako.

Kinachofanya kazi

Kwa mende wadogo, kinachofanya kazi ni chambo, hasa ile jeli inayokuja kwenye bomba kama la sindano. Weka matone madogo, ukubwa wa punje ya mchele, kwenye kona, nyuma ya kabati, pembeni mwa bawaba za mlango, lakini si ndani ya kompyuta. Mende anakula, anarudi kwa wenzake, anafia huko, na wengine wanakula kinyesi chake na maiti yake. Inachukua siku kadhaa, na inadai uvumilivu. Ukiweka jeli usipulize hapohapo, maana dawa inaharibu chambo na wadudu wanakisusa.

Kwa sisimizi, wazee wetu walishatufundisha: miguu ya kabati la chakula husimama ndani ya makopo ya maji. Fanya hivyo kwa meza ya kompyuta. Tia sabuni kidogo majini ili wasielee, na badilisha mara mbili kwa wiki ili mbu nao wasipate pa kuzalia. Usitumie mafuta ya taa karibu na nyaya. Vilevile angalia waya wa chaja: ukiuacha umening'inia kutoka ukutani usiku kucha, umewajengea daraja juu ya handaki lako mwenyewe. Chomoa, kunja, weka juu.

Usiku, laptopu ikishapoa, iingize kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiifunike kwa kitenge ikiwa inawaka, utaichemsha. Usiifungie kwenye kontena ikiwa inachaji, hilo ni hatari ya moto. Kompyuta ya mezani inyanyue kutoka sakafuni, iachanishe na ukuta kwa upana wa kiganja, na kama utaweka wavu kwenye matundu, uwe wa matundu yanayopitisha hewa, kisha uusafishe kila mwezi. Wavu ulioziba vumbi unaua mashine haraka kuliko mende.

Wakishaingia, zima, toa betri kama inatoka, peleka kwa fundi akaifungue, apulize kwa blowa, asafishe kwa brashi na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Kisha, kabla hujairudisha chumbani, shughulikia chumba. Vinginevyo umempelekea fundi mshahara wa mwezi ujao.

"Hayo ni mambo ya usafi tu"

Najua wapo watakaosema chuo hakiwezi kushughulika na mende wa mtu binafsi, kwamba mwanafunzi afagie na asile juu ya kibodi. Wana haki kidogo. Makombo yanawasaidia wadudu, na sahani ya ubwabwa iliyolala chini ya kitanda haiwezi kutetewa kwa makala yoyote. Lakini usafi wa chumba kimoja hauzibi dari linalotandaa juu ya vyumba 8. Mende hatambui mkataba wa nani anaishi wapi.

Wengine watasema hifadhi kazi zako kwenye wingu, laptopu ikifa hujapoteza kitu. Ushauri wa kuweka nakala naukubali kwa mikono miwili: kila jioni jitumie rasimu ya utafiti wako kwa barua pepe, hata kama ni kurasa mbili. Lakini wingu linataka bando, na kurasa zako zikiwa huko juu bado unahitaji chombo cha kuziandikia. Wengi wetu tuna laptopu ya mtumba, haina waranti, na hata waranti za mpya nyingi hazifidii uharibifu wa wadudu. Mwenzako ambaye baba yake aliuza ng'ombe ili anunue ile mashine hapati ng'ombe wa pili mwezi wa tano wakati ripoti inatakiwa mwezi wa sita. Ataazima, atapanga foleni maabara, atachelewesha, na mwisho atarudia mwaka. Kwenye karatasi itaandikwa kwamba hakuwasilisha. Hakuna atakayeandika kwamba alishindwa na tundu la msumari.

Tuanze na daftari

Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mtambo. Grace Hopper, aliyekuwa kwenye kundi hilo, alikuja kuieneza sana hadithi hiyo. Watu huipenda kwa sababu Waingereza na Wamarekani wanaita hitilafu ya kompyuta kwa jina la mdudu, ingawa mafundi walikuwa wakilitumia jina hilo tangu karne ya 19. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Wale watu walimbandika nondo kwenye daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipokutwa. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian.

Sisi hatuna daftari. Wizara ya Malazi ya serikali yetu ya wanafunzi inajua nani hajapata kitanda, lakini haijui ni kompyuta ngapi zimekufa kwa wadudu, kwenye bweni gani, kwenye mtaa gani. Bila hesabu hiyo, kila mmoja ataendelea kudhani ni siri yake peke yake.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wafadhili. La kwanza, fomu ya kurasa moja ya kuripoti kifaa kilichoharibiwa na wadudu, bila jina la mwanafunzi, yenye mahali na aina ya mdudu. La pili, orodha ya ukaguzi kwa wanaotafuta vyumba vya nje, watumie kabla ya kulipa kodi ya miezi sita: dari lina mianya? Bati linavuja? Bomba limezibwa linapoingia ukutani? Ruta yuko wapi? Nyumba zinazofaulu zitangazwe kwenye mbao zetu. Mwenye nyumba akiona jirani yake anapata wapangaji kwa sababu ya tyubu mbili za silikoni, na yeye atanunua.

La tatu ni kwa mabweni yetu wenyewe. Upuliziaji wa mara moja siku ya kufungua chuo ni maonyesho tu, kwa sababu dawa haipenyi vizuri kifuko cha mayai. Waliomo wanatoka baadaye na kuanza upya. Ufanyike wakati wa likizo, tupewe taarifa ili tutoe vifaa, na urudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu. Kabla ya kupuliza, mafundi wazibe nyufa na mabomba. Kuziba ni kazi ya siku chache. Kupuliza bila kuziba ni kazi isiyokwisha.

Kampeni za uchaguzi zikianza, wagombea wataingia vyumbani kwetu na vipeperushi. Wakaribishwe, wapewe kiti. Kisha waombeni watazame juu, wawaambie wanaona nini, na wataje tarehe ya kuanza kukishughulikia.